Pumzi za Mwingereza

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shuleni na klarineti aliyoazimwa na bendi ya shule yao. Alikaa kwenye meza ya jikoni, akachomoa kile kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wa chombo, akakitia kinywani kukilowesha kama alivyofundishwa, kisha akakiacha juu ya meza akaenda kutafuta chaji ya simu. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza naingia kutoka kazini Falls Church. Nilikuwa nimekaa kwenye foleni ya magari ya barabara kuu ya Beltway mpaka miguu ikafa ganzi, na sikuwa nimevua hata koti. Harufu ile ilinifikia kabla sijajua ni ya nini: mwanzi uliolowa mate, wenye utamu wa mbali kama muwa uliotafunwa ukaachwa. Nikavuta kiti nikakaa, bado na koti mwilini.

Ninyi mliokulia huku Marekani kama mimi mnazijua nyumba za namna ile. Yetu ilikuwa Langley Park, Maryland, nyuma ya barabara ya University, kwenye jengo la matofali mekundu ambalo ngazi zake zilinuka vitunguu vya mataifa yote. Mama alitoka Meru, Kenya, na kazi yake ilikuwa kuwahudumia wagonjwa kwenye nyumba ya wazee. Baba alitoka Tanga, akiendesha teksi. Walikutana huku huku, wakisubiri basi moja kwenye theluji, na mpaka leo nashangaa kwamba watu wa nchi jirani walilazimika kuvuka bahari ndipo waonane. Mama alisema "mtoto yangu", Baba akasema "mwanangu", na mimi niliwajibu wote wawili kwa Kiingereza. Chini yetu aliishi Maman Odette, mjane kutoka Kongo, ambaye alinipokea nikitoka shule na kunilisha maharage mpaka mmoja wa wazazi wangu arudi.

Chini ya kitanda cha wazazi wangu kulikuwa na saksafoni. Kabla ya kuja Marekani Baba aliipiga kwenye bendi ya dansi iliyotumbuiza hotelini, na mgeni mmoja aliyependa kuja kuwasikiliza alimwachia kaseti siku ya kuondoka. Ilikuwa ya mpiga saksafoni wa jazz, Mwingereza. Jina lake sitalitaja, maana nyumbani hatukulitumia. Tulimwita Mwingereza tu, kama vile Uingereza nzima ilikuwa na mtu mmoja. Baba alijifunza upya kupiga kwa kumsikiliza yeye, na kaseti ile alikuja nayo mpaka Maryland, imefungwa ndani ya soksi.

Kwenye kaseti Mwingereza alikuwa kijana. Alipiga kama mtu aliyeingia chumbani na habari kubwa, akaogopa kukatizwa. Noti zilimwagika, moja ikikanyaga kisigino cha nyingine, zikapanda mpaka kule juu ambako saksafoni huanza kupiga yowe, zikashuka tena kabla mpiga ngoma hajajua zimekwenda wapi. Nilikuwa nikitega sikio nisikie anapumulia wapi, nisisikie. Baba alinieleza kwamba alikuwa anaiba hewa kwa pembe za mdomo, upesi upesi, kama mtoto anavyodokoa nyama sufuriani mama akigeuka. Naye Baba alipiga vivyo hivyo. Jumamosi, kwenye harusi za Watanzania katika kumbi za kukodi, watu walimngoja afike ule mwendo wa kasi, na alipofika walisimama. Alitoka jasho mpaka shati likamganda mgongoni. Mimi nilikaa chini ya meza ya keki nikijua kwamba baba yangu ndiye mtu mwenye pumzi nyingi kuliko wote duniani.

Siku moja tulikwenda duka la mitumba kunitafutia koti la baridi. Baba akapita kwenye rafu ya muziki, akasimama. Alikuwa ameshika CD yenye picha ya mzee mwenye kipara na miwani, akiikumbatia saksafoni kama mtu anayebembeleza mjukuu. Alikuwa ni yeye, Mwingereza, miaka mingi baada ya ile kaseti. Baba alifurahi mno, tukatoka dukani bila koti. Nyumbani aliisikiliza akiwa amesimama. Wimbo wa kwanza haujafika nusu, uso wake ulikuwa umeshaanguka.

"Mzee kachoka," alisema. Akaizima, akaitia kwenye droo ya betri zilizoisha, na sikumwona akiigusa tena mpaka alipougua.

Kuugua kwenyewe kulianza kwa kicheko changu. Tulikuwa tunakunywa chai asubuhi, na chai ikamtoka Baba pembeni mwa mdomo, ikatiririka mpaka kwenye kola. Alikuwa na desturi ya kunichekesha kwa kujifanya bibi kizee asiye na meno, kwa hiyo nilicheka. Alinitazama kwa jicho moja, lile la pili likiwa limelegea, na mimi nikazidi kucheka, mpaka kikombe kilipomponyoka mkononi. Mama alitoka bafuni na mswaki mdomoni, akamwangalia mara moja tu, akajua ni nini. Alikuwa amewaona wengi wa namna ile kazini. Alimlaza sakafuni kwenye chai iliyomwagika, akamshika kichwa, akaniambia kwa sauti ya utulivu kabisa nikamwite Maman Odette.

Kiharusi kilimwachia Baba akili yake yote na miguu yake karibu yote. Kilichukua upande wa kushoto wa uso wake, na vidole vya mkono wa kushoto vikawa vinafika mahali baada ya yeye kuvituma, kama watoto wavivu. Teksi haikuwezekana tena. Mwanzoni watu walikuja kutuona na masufuria ya pilau, wakakaa, wakazungumza kwa sauti ya juu kana kwamba alikuwa kiziwi, wakamwambia kwamba harusi hazina ladha bila yeye. Kisha wakaja mmoja mmoja. Kisha maisha yakawaita, na siwalaumu, maana mimi mwenyewe leo nina watu hapa hapa Adelphi, ninapoishi, ambao sijawatembelea tangu wapate msiba.

Mama akaongeza zamu. Alitoka nyumba ya wazee akaenda kwa mgonjwa mmoja nyumbani kwake, mwanamume mzee mwenye maradhi ya mapafu, na siku zake za mapumziko zikawa ni siku za kufua. Nakumbuka viatu vyake vyeupe mlangoni, vimepanuka kama mikate. Nakumbuka alivyokuwa akikaa kitandani kuvua soksi, akavua moja, akabaki ameishika mkononi akiangalia ukuta. Hakuwa mtu wa kulalamika. Kuchoka kwake hakukuwa na maneno, kulikuwa ni kitu kilichoingia naye mlangoni kama baridi ya nje.

Baba alibaki nyumbani na mimi. Wiki za mwanzo alisikiliza ile kaseti ya zamani, na nilimwona akiisikiliza kama mtu anayetazama picha ya nyumba yake iliyoungua. Halafu siku moja akafungua ile droo, akatafuta ile CD chini ya betri, akaitia kwenye redio.

Safari hii nami nilisikiliza. Wimbo ule wa kwanza ulikwenda polepole, saksafoni ikiwa chini kabisa, karibu na sakafu ya sauti yake. Kila noti ilitanguliwa na hewa. Ulisikia kwanza pumzi ikipita kwenye bomba, tupu, na sauti ikaja nyuma yake, kama mtu anayegusa mlango kabla ya kuingia. Alichelewa. Piano ilifika mahali ikamngoja, naye akaja taratibu, akasema maneno machache, akanyamaza kabla ya neno la mwisho ili ulimalize wewe mwenyewe. Na kati ya sentensi na sentensi alivuta hewa wazi wazi, bila kuiba, bila kuficha. Nilizihisi pumzi zile kifuani kwangu. Kadiri wimbo ulivyokwenda zikawa ndefu zaidi, na noti zikawa chache zaidi.

Mama aliingia wakati wimbo unaendelea. Alisimama na mkoba begani, akasikiliza kidogo.

"Huyo anapumua kama mzee wangu," alisema, akimaanisha yule mgonjwa wa mapafu. Akaenda kuoga.

Siku chache baadaye nilimsikia akimwambia Maman Odette ngazini kwamba mzee wake amekwenda. Alisema alikuwa naye, kwamba pumzi ziliachana, moja hapa, nyingine mbali, halafu hakukuwa na nyingine. Hakujua kwamba nilikuwa nyuma ya mlango. Alisema vile kama mtu anayeeleza jinsi basi lilivyompita.

Nilikuwa darasa la tatu, na nikajumlisha. Mwingereza alikuwa anakufa ndani ya wimbo ule. Kila Baba alipouwasha, yule mzee mwenye miwani alianza tena kufa, na ukifika mwisho atakuwa amekufa kabisa, na kitakachofuata sikutaka kukifikiri, kwa sababu Baba naye alikuwa ameanza kupumua hivyo. Kwa hiyo nikajipa kazi. Wimbo ulipokaribia mwisho nilipita karibu na redio kana kwamba naenda kuchukua kitu, nikabonyeza kitufe cha kurukia wimbo wa pili. Mwingereza akaishi mpaka kesho.

Baba alidhani CD ina mchubuko. Aliitoa, akaifuta kwa fulana yake, akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Aliyenifichua ni Maman Odette, ambaye dari yake ilikuwa sakafu yetu. Alipanda na sahani ya ndizi, akamuuliza Baba mlangoni, "Ile muziki yenu, juu ya nini haiishaka?"

Baba aligeuka akaniangalia mimi, mtu pekee aliyejua kwa nini wimbo hauishi. Maman Odette alipokwisha kushuka, aliniita, na nikamweleza yote kwa Kiingereza nikilia: mzee wa Mama, pumzi, na kwamba akimaliza atakufa. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniweka kwenye goti lake la upande wenye nguvu, akauwasha wimbo.

"Tusikilize wote," alisema. "Ukiogopa nishike."

Nilimshika shati. Zilikuja pumzi zile za mwisho, na noti moja ndefu iliyogeuka hewa kidogo kidogo mpaka hukujua imeisha lini. Kikafuata kimya. Nikasubiri. Halafu kwenye kile kimya kiti kililia, mtu akakohoa, na sauti ya mwanamume mzee ikauliza, kwa Kiingereza cha kwao, kama chai bado ni ya moto. Mtu mwingine akacheka. Ndipo CD ikaenda wimbo wa pili.

"Unamsikia?" Baba alisema. "Maiti haiulizi chai."

Alicheka kwa nusu ya uso, na ilikuwa mara ya kwanza tangu augue. Kisha akaacha kucheka, akaurudisha wimbo mwanzo. Alisikiliza sasa kwa namna nyingine, ameinamisha kichwa, vidole vya mkono wa kulia vikitembea kwenye paja langu. Akaniambia kwamba huyu Mwingereza alipatwa na jambo. Mapafu, labda, au meno, au kama yeye. Mtu hapotezi noti zote zile kwa hiari. Aliporwa, Baba alisema, akakaa chini akatazama wezi walichomwachia, akapiga hicho.

Jioni ile alinituma nikavute saksafoni kutoka chini ya kitanda.

Ilikuwa vigumu kuliko nilivyoweza kuvumilia kutazama. Ule mwanzi aliulowesha mdomoni na mate yakamdondoka. Akapuliza, na hewa yote ikatoka pembe ya kushoto ya mdomo kwa sauti ya puto. Akajaribu tena. Akajaribu kuibana pembe ile kwa kidole, lakini saksafoni inataka mikono yote miwili. Nikachukua taulo dogo, nikapanda juu ya kiti, nikaibana mimi. Hakunikataza. Nilisimama pembeni mwake, kidole changu kimebonyeza mdomo wa baba yangu kupitia taulo, akapuliza, na sauti ikatoka. Ilikuwa mbaya, kama mlango wa gereji. Lakini niliisikia kwenye kidole kabla ya kuisikia masikioni, na hilo sijawahi kumweleza mtu akanielewa.

Tukafanya hivyo kila siku nikitoka shule. Sikwenda tena kucheza nje. Wasichana wa Kisalvador wa jengo la pili waliniita kwa mruzi chini ya dirisha, wakachoka. Baba alikuwa anajaribu kwanza ile kasi ya kaseti, na vidole vikakwama, na mdomo ukavuja chini ya kidole changu, akaweka chombo chini akaangalia mikono yake. Alipokubali kuiacha kaseti ndipo tulipopiga hatua. Alipiga chini, polepole, akiacha hewa itangulie kama Mwingereza. Na pole pole tukagundua jambo: mtindo ule wa uzee hautaki kubana sana. Midomo inalegea, pumzi inapita kidogo, na kwa sababu inapita kidogo, haivuji. Siku moja niliondoa kidole changu polepole bila kumwambia, na sauti ikaendelea.

Mama alituona kabla ya siku hiyo. Aliingia mapema na kutukuta, mimi juu ya kiti na taulo, Baba amefumba macho. Alikwenda jikoni akafungua maji ya bomba, akayaacha yatiririke. Usiku huo sikulala vizuri, lakini hawakugombana. Wazazi wangu hawakujua kugombana. Walikuwa na adabu, na siku hizi nadhani ile adabu ndiyo iliyotumaliza.

Shangazi yangu alikuwa akipiga simu kutoka Tanga Jumapili. Alisema mleteni nyumbani. Huku kuna watu mchana kutwa, kuna mtu wa kumkanda, kuna kivuli. Huko kwenu nani yuko naye? Mama alisikiliza akizungusha waya wa simu kwenye kidole. Baba aliposhika simu alimjibu dada yake kwamba mwanawe yuko naye, na akisha kusema hivyo akanyamaza, kana kwamba ndiyo kwanza ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Siku iliyofuata, tukila, alimwambia Mama kwamba amefikiri. Atakwenda nyumbani apumzike. Akipata nafuu atarudi.

"Zawadi ni mtoto," alisema, akinitazama mimi. "Si kazi yake kunishika mdomo."

Mama alikuwa anakunja mataulo. Alikunja moja, akalisawazisha kwa kiganja mpaka pembe zikakutana.

"Ukiona ni vizuri, Baba Zawadi," alimjibu.

Hiyo ndiyo ilikuwa yote. Nilisubiri mmoja wao aseme lingine. Nilimfahamu Baba kwa lile neno apumzike, ambalo kanisani kwa Mama lilisemwa juu ya marehemu tu, na kwa siku kadhaa niliamini anakwenda Tanga kuzikwa. Niliporudi kumuuliza, alinieleza kwamba kupumzika ni kupata pumzi, basi, ni neno hilo hilo, na kwamba watu ndio walioliharibu. Ilinipa nafuu. Nilikuwa na umri wa kupata nafuu kwa maelezo.

Alasiri ya kuondoka kwake mabegi yalikuwa mlangoni. Rafiki yake wa teksi alikuwa aje kumchukua kumpeleka uwanja wa ndege wa Dulles. Mama alikuwa ameingia kutoka zamu, akaketi kwenye kochi avue viatu, na usingizi ukamchukua akiwa bado na sare, kichwa kimeegemea nyuma, mdomo umefunguka kidogo. Baba alimtazama kwa muda. Kisha akavuta kiti cha jikoni akakiweka mbele yake, si mbali, akafungua kasha.

Nilimwonyesha kwa mikono kwamba atamwamsha. Akaniwekea kidole midomoni. Akalowesha ule mwanzi, akakaa sawa, akaanza.

Alipiga ule wimbo wa Mwingereza wote. Alipiga kwa sauti ndogo kiasi kwamba vibonyezo vilisikika kuliko noti, tap, tap, kama mvua ya kwanza juu ya gari. Hewa ilitangulia, sauti ikafuata. Friji lilinguruma juu yake. Basi lilipita barabarani, na likisha kupita yeye alikuwa bado pale, anasema maneno yake machache, anaacha la mwisho. Vidole vya kushoto vilichelewa, na kuchelewa kule kukawa ndiyo sehemu tamu. Nilikuwa nimesikia kasi yake ikisimamisha ukumbi mzima. Sikuwahi kumsikia akipiga vizuri kama alivyopiga siku ile kwa ajili ya mtu mmoja aliyelala.

Alifika mwisho, kwenye ile noti inayogeuka hewa. Akanyamaza, saksafoni bado mdomoni, akimwangalia Mama. Mama hakutikisika. Kisha Baba akaurudia ule mwisho, peke yake, kutoka pale pumzi zinapoanza kuwa ndefu. Nilidhani amekosea mahali anataka kurekebisha. Akamaliza mara ya pili, akangoja tena, akashusha chombo. Alikikausha kwa kitambaa kipande kwa kipande, akakifunga. Honi ililia chini. Mama akaamka, akanawa uso, akavaa viatu, akabeba begi zito yeye mwenyewe mpaka kwenye gari.

Baba hakurudi. Haikuwa uamuzi wa siku moja. Alipata nafuu, akapata kibaraza cha kukaa, na hati zake za kuishi huku zikaisha muda wakati kila mmoja anamngoja mwenzake aseme. Wazazi wangu hawakuachana kwa neno lolote. Waliacha tu kuulizana. Mimi alinipigia simu kila Jumapili, na kwa kuwa kule hakuwa tayari kusikiliza Kiingereza changu, Kiswahili hiki ninachokiandika nilikipata kwenye simu, kwa sauti yenye upepo pembeni. Shangazi aliniambia alikuwa akipiga jioni, chini chini, na majirani waliokuja kuisikia ile kasi ya zamani waliondoka wakisikitika kwamba mzee kachoka.

Nilipokuwa mtu mzima nilimtafuta Mwingereza. Siku hizi huhitaji hata kuinuka kwenye kiti. Niliyakuta mazungumzo yake, mzee yule yule mwenye miwani, akiulizwa kwa nini alibadili mtindo. Alikuwa mzima wa afya. Hakuwahi kuugua mapafu, wala meno, wala kitu. Alisema tu kwamba siku moja alichoka kusikia sauti yake ikikimbia, akaanza kuacha noti alizoweza kuzipiga, moja baada ya nyingine, aone ni zipi zitakazobaki. Nilikaa na habari ile wiki nzima. Jumapili Baba alipopiga simu tulizungumza juu ya mvua, na mguu wa shangazi, na shule ya mwanangu. Sikumwambia. Alikuwa ameishi miaka yote ile na mwenzake mmoja duniani, na mimi nisingemwondolea.

Baba alifariki mwaka juzi. Nilikwenda kuzika. Mama hakuweza kusafiri; magoti yake yalikwisha kwenye korido za watu. Niliporudi nilimkuta kwenye apatimenti yake hapa Adelphi, amekaa jikoni anamenya viazi, nikachukua kisu nikamsaidia. Nilimsimulia mazishi. Nje walikuwa wanachimba njia ya treni mpya, na madirisha yalitetemeka kwa mbali. Nikamwambia kwamba ninachokikumbuka zaidi ni alasiri ile ya mwisho, kwamba Baba alipiga wimbo mzima mbele ya uso wake, kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba hakumwamsha.

Mama aliendelea kumenya. Ganda lilishuka refu, bila kukatika.

"Nani alikuambia nilikuwa nimelala?" aliuliza.

Nikaweka kisu chini.

"Nilikuwa nimefunga macho tu," alisema. "Nikiyafungua ningemwambia abaki. Na angebaki, Zawadi. Sikuwa na nguvu ya kumbeba, na sikuwa na nguvu ya kumwambia aende. Kwa hivyo nikafunga macho."

Nilimuuliza kama Baba alijua.

"Kwani wewe ulidhani kwa nini alirudia ule mwisho?" alisema Mama. "Alikuwa ananipa nafasi."

Akachukua kiazi kingine, akakigeuza kutafuta pa kuanzia.

"Na mimi nikangoja amalize."